Kushona nguo za kushindia nyumbani kwa mwanamume mwenye mwili mkubwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu suruali ya mpira au ya kamba kiunoni, bukta, shati pana lisilo na kola, kanzu ya kulalia na msuli, yaani zile nguo anazovaa mwanamume akishavua za kazini. Vipimo vimetolewa kwa inchi na kitambaa kwa yadi, kwa kuwa ndivyo wanavyopima mafundi wengi wa Tanzania na Kenya. Ili hesabu zieleweke, tumemchukua mtu mmoja wa mfano mwenye kifua cha inchi 50, tumbo 56, kiuno cha chini ya kitambi 50, nyonga 52, paja 30, na urefu wa suruali kwa ubavuni inchi 42.

Kwa nini nisichukue kiolezo cha mtu wa wastani nikakipanua kila upande?

Kwa sababu mwili haunenepi kila upande kwa kiasi kimoja. Mtu anaponenepa, mifupa ya mabega haitanuki, mikono hairefuki, na shingo huongezeka kidogo tu ikilinganishwa na tumbo. Shati lililopanuliwa kwa usawa hudondoka mabegani mpaka mshono wa mkono unafika karibu na kiwiko, shingo hupwaya ikaonyesha fulana ya ndani, na pamoja na upana wote huo bado vifungo vya tumboni hukataa kukutana. Suruali nayo hupepea miguuni huku ikivutwa matakoni kila mvaaji anapoketi.

Kanuni inayotawala majibu yote yafuatayo ni kwamba upana huongezwa mahali mwili ulipo, na mahali ambapo mwili haukuongezeka huachwa kama palivyo. Watu wawili wenye nyonga za inchi 52 wanaweza kuwa tofauti kabisa: mmoja uzito wake uko mbele, tumboni, na nyuma ni bapa, mwingine ana mapaja na makalio makubwa na tumbo la wastani. Suruali ya mmoja haitamfaa mwenzake hata kama tepu imesoma namba ileile.

Ni vipimo gani vya lazima?

Vipimo vinavyozoeleka kwa fundi, yaani kifua, kiuno, nyonga na urefu, havitoshi. Ongeza tumbo mahali linapojitokeza zaidi, ambapo mara nyingi ni chini au juu kidogo ya kitovu. Ongeza kiuno mahali anapofungia suruali kweli, na si pale kinapotakiwa kuwa kwa mujibu wa vitabu. Ongeza paja juu kabisa, mkono wa juu palipo panene, na upana wa mabega kutoka mfupa hadi mfupa.

Vipo vipimo viwili zaidi ambavyo wengi huviruka na ambavyo ndivyo vinavyoamua kama nguo itakuwa ya starehe. Cha kwanza ni kina cha kukaa: mvaaji akae wima kwenye kiti kigumu, kisha upime ubavuni kutoka kiunoni hadi kwenye kiti, na uongeze inchi 1½. Cha pili ni mzunguko wa msamba, unaoanzia kiunoni mbele, ukapita katikati ya miguu na kumalizikia kiunoni nyuma. Ukishachora kiolezo, pima mkunjo wa msamba wa mbele na wa nyuma kwa pamoja. Jumla yake izidi mzunguko huo kwa inchi 2 hivi. Ikipungua, usikate.

Mpime mtu akiwa amesimama kama anavyosimama siku zote, akipumua kawaida. Wanaume wengi hubana tumbo mara tu waonapo tepu, na fundi anayeandika kipimo hicho atashona nguo ya mtu ambaye hayupo. Jambo jingine ni adabu ya kazi: vipimo viandikwe kimya kimya, visitangazwe kwa sauti mbele ya wateja wengine. Zipo fremu za mafundi ambamo mteja mnene hurudi mara moja tu kuchukua nguo zake, asionekane tena, na sababu si mshono.

Ninamshonea baba mkwe wangu na siwezi kumpima mwenyewe. Nifanyeje?

Mume wako au mmoja wa shemeji zako anaweza kumpima mzee ukimwandikia orodha na kumweleza mapema kila kipimo kinaanzia wapi. Ikiwa hilo halifai, omba suruali moja na shati moja anazozipenda na anazozivaa mara kwa mara. Zitandaze juu ya meza bila kuzivuta, pima upana wa nyonga na uzidishe kwa 2, pima paja chini kidogo ya msamba na uzidishe kwa 2, kisha pima mkunjo wa mbele na wa nyuma wa msamba kwa kuusimamisha ukingo wa tepu juu ya mshono. Kumbuka kwamba vipimo hivi ni vya nguo na si vya mwili, hivyo usiviongezee tena inchi za kupumulia, yaani nafasi ya ziada kati ya mwili na nguo, kana kwamba umempima mtu.

Nguo iliyochakaa husema mengi kuliko tepu. Angalia mahali ilipoliwa kwa kusuguana, mahali mshono ulipoanza kuachia na mahali palipotengeneza mikunjo isiyotoka hata kwa pasi, kwa maana hapo ndipo mwili ulipokuwa ukidai nafasi. Angalia pia kama mpira wa kiunoni umegeuka na kukunjika upande wa mbele. Ukikuta hivyo, mzee huyo anafungia suruali chini ya kitambi, na sasa umejua hata jambo ambalo huwezi kumuuliza.

Kitambaa gani kinafaa?

Kwa mwambao wa Afrika Mashariki, ambako joto huja pamoja na unyevu, pamba iliyofumwa kwa uzito wa wastani ndiyo chaguo la kwanza: poplini, pamba ya mashuka, au kitenge kilichokwisha kufuliwa mara kadhaa kikalainika. Kitani ni kizuri zaidi kwa jasho lakini bei yake ni kubwa na hujikunja upesi, jambo ambalo kwa nguo ya nyumbani halina uzito. Rayoni ni laini na huning'inia vizuri, ila nyuzi zake hupoteza nguvu zikilowa, hivyo suruali ya mtu mzito hupasuka matakoni ikiwa kwenye beseni la kufulia na si ikiwa mwilini. Kwa wakazi wa Njombe, Arusha au Nairobi, miezi ya Juni na Julai hudai flaneli ya pamba au fulana nzito.

Polista iepukwe kwa suruali, kwa kuwa hainyonyi jasho, na jasho likibaki katikati ya mapaja huleta michubuko. Tatizo ni kwamba madukani polista nyingi huuzwa kwa jina la kitenge cha pamba. Omba uzi mmoja kutoka ukingoni na uuchome: pamba huwaka, hunuka kama karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini, ilhali polista huyeyuka na kuacha kitone kigumu cheusi.

Khanga ni nyepesi na hufaa kwa shati, lakini kwa suruali ya mtu mkubwa haidumu matakoni. Ukiamua kuitumia, tazama yale maandishi yatakapoangukia kabla ya kuweka mkasi. Si kila baba wa familia atapenda kuketi juu ya jina la khanga, hasa khanga yenye kijembe.

Usidharau mashuka ya mitumba. Shuka la pamba la kitanda kikubwa lina upana ambao hakuna kitenge kitakachoufikia, limeshafuliwa hadi limemaliza kuruka, yaani kupungua kwa maji, na mara nyingi bei yake ni ndogo kuliko ya yadi 3 za kitambaa kipya.

Ninunue yadi ngapi?

Kitenge huwa na upana wa inchi 45 hivi, na upana huo ndio unaoamua. Tufanye hesabu ya suruali ya mtu wetu wa mfano. Nyonga 52 ukijumlisha 6 za kupumulia ni 58, na nusu yake, 29, ni upana wa mguu mmoja juu ya mstari wa msamba. Kwenye mstari wenyewe mbele huongezwa sehemu moja ya 16 ya nyonga, yaani inchi 3¼, na nyuma sehemu moja ya 8, yaani inchi 6½. Hivyo mguu mzima unafika inchi 38¾, na ukiuwekea inchi ¾ za mshono kila upande unakuwa 40¼. Maana yake ni kwamba mguu mmoja wa suruali, mbele na nyuma vikiwa kipande kimoja kisicho na mshono wa ubavuni, unaenea ndani ya upana wa kitenge, lakini miguu miwili haikai sambamba kamwe. Fundi aliyezoea kukata suruali mbili za kijana kwenye kitambaa kama hicho akikwambia yadi 2 zitatosha, hajapiga hesabu.

Urefu wa ubavuni 42, pamoja na inchi 2½ za kupitishia mpira, 1½ za pindo na 1½ za kuinua nyuma, ni 47½. Mara mbili ni 95, na kwa kuwa pamba huweza kuruka kwa asilimia 5 inapofuliwa mara ya kwanza, unahitaji kama inchi 100. Nunua yadi 3, ambazo ni inchi 108. Shati lake la mikono mifupi nalo litakula yadi 3 nyingine, kwa hiyo pisi ya yadi 6 hutoa suruali na shati bila kubanana, na vipande vya pembeni vinatosha mifuko.

Fua kitambaa kabla ya kukata, kwa maji yaleyale ya moto au baridi yatakayotumika baadaye. Hili linawahusu wote, lakini kwa mtu mkubwa lina uzito zaidi, kwa sababu asilimia 5 ya nyonga ya inchi 58 ni karibu inchi 3, yaani nusu ya nafasi yote uliyomwachia ya kupumulia.

Suruali inashuka nyuma kila anapokaa au kuinama. Kosa liko wapi?

Karibu siku zote kosa liko kwenye urefu wa nyuma na si kwenye mpira. Mtu anapoketi, makalio hutanuka na kuhitaji kitambaa kirefu zaidi kutoka msambani hadi kiunoni. Kisipokuwepo, suruali hukitafuta kwa kushusha kiuno. Kukaza mpira hakusaidii, kunaongeza alama nyekundu tu.

Upana wa inchi 29 za mguu mmoja ugawe 14 mbele na 15 nyuma. Mstari wa katikati nyuma upandishe inchi 1½ hadi 2 juu ya kiuno cha ubavuni, na wa katikati mbele ushushe inchi 1, kisha uunganishe kwa mkunjo usio na kona. Hivyo mbele itakaa chini ya kitambi na nyuma itafunika kiuno hata akiinama kuokota kitu. Kwa mwenye makalio makubwa, mstari wa katikati nyuma uulaze zaidi badala ya kuusimamisha wima, na urefu wa msamba wa nyuma uuongeze nusu inchi. Kwa mwenye makalio bapa, fanya kinyume, la sivyo kitambaa kitaning'inia nyuma ya mapaja.

Kabla ya kukata kitambaa chenyewe, kata vazi la majaribio kwa marekani, yaani pamba ya bei ndogo isiyotiwa rangi, au shuka kuukuu, ulishone kwa mishono mirefu na umwombe mvaaji akae, achuchumae na apande ngazi mbili tatu. Mikunjo inayotoka msambani ikielekea nyonga inaonyesha kwamba msamba ni mfupi; mikunjo iliyolala chini ya makalio inaonyesha kwamba ni mrefu kupita kiasi. Jaribio la kusimama mbele ya kioo peke yake halifichui chochote, kwa kuwa nguo za nyumbani huvaliwa zaidi mtu akiwa ameketi au amejilaza kuliko akiwa amesimama.

Suruali ikae juu ya kitambi au chini yake, na nitumie mpira au kamba?

Muulize mwenyewe, kwa sababu hili ni jambo la mazoea na mtu hatabadilika kwa ajili ya kiolezo. Wengi hufungia chini, na hesabu iliyotangulia imewafuata hao. Anayefungia juu ya kitambi atahitaji suruali ipite kwenye tumbo lake la 56, hivyo 56 na 6 ni 62. Zile inchi 4 zilizozidi ziongezwe zote mbele, inchi 2 kwa kila mguu, na mbele isishushwe bali ipandishwe.

Mpira uwe mpana, inchi 1½ au 2, kwa maana mwembamba hujikunja chini ya tumbo na kukata ngozi. Urefu wake uwe pungufu ya kiuno kwa inchi 3 hivi. Kwa mtu wetu ni 47. Usiufunge moja kwa moja: ubane kwa pini, mvaaji akae nao kwa muda ikiwezekana baada ya kula, ndipo ushone. Mkanda unaobana tumbo huongeza shinikizo ndani yake na unaweza kuchochea kiungulia, hasa kwa mtu anayejilaza mapema baada ya chakula cha usiku. Nefe, yaani njia ya kupitishia mpira, ipite upana wa mpira kwa robo inchi tu, kisha upige mshono wa wima ubavuni kote kuwili na katikati nyuma ili mpira usijipindue.

Maoni yetu ni kutumia vyote viwili: mpira uliolegea kidogo ubebe suruali, na kamba iliyopitishwa kwenye matundu mawili mbele imwachie mvaaji uamuzi wa siku hiyo. Uzito wa mwili hupanda na kushuka, na kuna tofauti ya inchi kadhaa kati ya asubuhi ya mfungo na usiku wa futari.

Mapaja yanasuguana na suruali zake zote zinatoboka mahali pamoja. Kuna dawa?

Ipo, na ina sehemu tatu. Kwanza, ondoa ile njia panda ya mishono minne inayokutana msambani. Kata kipande cha pembe nne sawa chenye inchi 4 kila upande, bila kuhesabu mishono, na ukiingize pale miguu inapokutana, pembe moja ikielekea mbele, moja nyuma na mbili zikishuka kwenye mishono ya ndani ya miguu. Kipande hicho huleta nafasi ya kuchuchumaa na kukunja miguu jamvini, na husogeza mishono mbali na sehemu inayosuguana.

Pili, mishono ya ndani iwe bapa. Shona, punguza ukingo mmoja, ukunje ule mwingine juu yake na upige mshono wa pili, kama ilivyo kwenye suruali za jinzi. Ukingo wa ovaloki ulioachwa wazi ni msasa kwa ngozi yenye jasho.

Tatu, kwa ndani weka tabaka la pili la kitambaa kuanzia msambani hadi inchi 7 chini, kila mguu, ukilishona kabla ya kuunganisha miguu. Liwe la pamba nyembamba na laini, na hapa khanga kuukuu haina mpinzani. Kwa bukta, mguu wa ndani usipungue inchi 8. Bukta fupi hupanda katikati ya mapaja anapotembea, na ngozi ikabaki kugusana.

Shati likae vipi?

Mabega na shingo yakatwe kwa kipimo cha mabega na shingo, kama ambavyo mtu huyo angekatiwa angekuwa hana kitambi. Kifua 50 kiongezewe inchi 8, kiwe 58, yaani 29 kwa mbele na 29 kwa nyuma. Kutoka kwapani kwenda chini, ubavu utanuke polepole hadi mzunguko wa 64 kwenye tumbo na pindo. Wanaoogopa kwamba shati lililotanuka chini litamfanya mtu aonekane mpana zaidi huishia kumshonea lile linalobana tumboni, ambalo humwonyesha vilevile na kumnyima pumzi juu yake.

Pindo la mbele hupanda kwa sababu kitambaa hulazimika kupita juu ya mlima kabla ya kushuka. Ongeza inchi 1½ kwenye urefu wa mbele katikati, ukizipunguza taratibu kuelekea ubavuni, na uache mipasuo ya inchi 6 pande zote mbili ili shati lisijikusanye mapajani akikaa. Shingo imalizwe kwa utepe uliokatwa mshazari, na mpasuo wa kifuani wa inchi 8 wenye vifungo viwili. Tundu la mkono lishuke inchi 1 kuliko kawaida na mkono uwe na inchi 6 za ziada kwenye mkono wa juu; tundu lililoshuka mno, kinyume na wengi wanavyodhani, humzuia mtu kuinua mkono kwa sababu shati zima huinuka pamoja nao.

Na kanzu ya kulalia?

Hili ndilo vazi linalohitaji marekebisho machache kuliko yote, kwa kuwa ukataji wa kanzu umekwisha kulitatua suala tunalolizungumzia. Badani, yaani kipande kikuu cha mbele au cha nyuma, hushuka ikiwa imenyooka kutoka mabegani, na upana wote wa ziada huja kwa taharizi, yaani vipande vya ubavuni vinavyotanuka kutoka kwapani hadi chini, huku kikwapa, kile kipande kidogo cha kwapani, kikiuachia mkono nafasi ya kuinuka. Mabega hayaguswi. Kwa mtu mkubwa, kinachobadilika ni taharizi: zianze na inchi 2 kwapani badala ya ncha, na zitanuke zaidi upande unaokutana na badani ya mbele.

Pima urefu wa mbele na wa nyuma mbalimbali, tepu ikipita juu ya tumbo. Tofauti ya inchi 2 ni ya kawaida. Kanzu ya kulalia iishie katikati ya muundi, kwa sababu inayofika kwenye nyayo humkanyagisha anayeamka usiku kwenda msalani.

Kikoi chake hakifungiki vizuri. Kinaweza kuongezwa?

Kinaweza. Kikoi cha kawaida kina urefu wa inchi 65 hivi. Kwa nyonga za 52 zinabaki inchi 13 tu za kupishana, nazo hufunguka hatua ya kwanza. Nunua viwili vinavyofanana, ukate kimoja kipande cha inchi 22 na ukiunganishe kwenye kile kizima kwa mshono bapa, mistari ikilingana. Anayependa msuli ulioshonwa ukawa mviringo atengenezewe wenye mzunguko wa inchi 80, ambao utamwezesha kupiga mkunjo wa mbele na kuuviringisha kiunoni ukashika. Madukani Biashara Street mjini Mombasa ni rahisi kupata vikoi viwili vya rangi moja; kwenye mitumba au kwa machinga wa barabarani itabidi uchague rangi mbili zinazosikilizana na uhesabu kwamba ni mtindo.

Kikoi kikikatwa kwa ajili ya bukta, ongeza nusu inchi kwenye kila mshono kwa kuwa ufumaji wake umelegea na nyuzi huchopoka. Kimoja hakitamtosha mtu wetu, viwili vinahitajika.

Nina cherehani ya kawaida tu. Ninaweza kushona kitambaa cha fulana?

Ndiyo, kwa sindano ya ncha butu ya namba 11 au 12 na zigizagi nyembamba, ambayo huuruhusu uzi kuvutika pamoja na kitambaa. Cherehani ya miguu inayopiga mshono mnyoofu pekee haifai kwa kazi hii: mshono utakatika siku ya kwanza atakapochuchumaa. Kwa kitambaa kinachovutika, inchi 6 za kupumulia hushuka hadi 2 au 3 kwenye suruali, lakini kwenye shati usipunguze chini ya 5, kwa sababu fulana nyembamba hushika kila mkunjo wa tumbo. Chagua ile nzito kidogo.

Mifuko iwekwe wapi?

Mfuko wa ubavuni humwaga sarafu na simu mtu mkubwa anapojiegemeza, kwa kuwa paja lake huusukuma mdomo wa mfuko ukatazama chini. Weka mfuko wa kubandika juu ya paja, inchi 3 chini ya mahali ulipozoea, wenye mdomo wa inchi 7 kwa sababu mkono wake pia ni mpana.

Kuna la kuzingatia kwa mgonjwa?

Anayevimba miguu asiwekewe mpira wala mkazo wowote kwenye kifundo cha mguu, na mpasuo wa inchi 5 kwenye pindo utamsaidia suruali ipite. Mwenye ngiri au busha anahitaji nafasi mbele na si pembeni: ongeza inchi 1½ kwenye mkunjo wa msamba wa mbele na utumie kipande cha pembe nne kikubwa zaidi, cha inchi 5. Wengi wao hawatalisema hilo kwa fundi, hivyo anayeagiza kwa niaba yao aombe tu suruali yenye mbele pana bila maelezo. Kwa aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa tumbo, kanzu ni bora kuliko suruali ya aina yoyote mpaka kidonda kipone.

Suruali imeshaanza kuisha mapajani. Itiwe kiraka au itupwe?

Itiwe kiraka ikiwa kitambaa kinachozunguka bado kina nguvu. Kishike mbele ya taa, na ikiwa mwanga unapenya sehemu kubwa kuliko kiganja, hakuna sindano itakayoshika hapo. Kiraka kiwekwe kwa ndani, kivuke eneo lililochakaa kwa inchi 2 kila upande, kiwe na kona za mviringo, na kishonwe kwa mistari mingi iliyo sambamba badala ya mzunguko mmoja, kwani mzunguko mmoja hukata kitambaa kikuukuu kwenye mstari wake. Usitumie kipande kipya na kigumu kuliko suruali yenyewe. Na ikiwa suruali ilikuwa inamkaa vizuri, ifumue kabla ya kuitupa, uipige pasi, na uitumie kama kiolezo cha inayofuata, ukiongeza inchi 1 pale ilipotobokea.